Kura ya Temeke: Hiba au Amana?

Katika soko la Tandika, wilayani Temeke, iko desturi ambayo haikuandikwa mahali popote. Mchuuzi wa nyanya akisikia adhana, au akiletewa habari kuwa mtoto wake ameugua nyumbani, humwambia jirani yake, "Niangalizie meza." Maneno hayo ni mawili tu, lakini ndani yake yamo mengi. Jirani hupewa ruhusa ya kuuza kwa bei inayojulikana. Huweza kupunguza kidogo kwa mteja wa siku zote, maana biashara ina busara yake na mwenye mali hayupo kuulizwa. Hukatazwa, bila ya kuambiwa, kutia fedha katika mfuko wake mwenyewe. Mwenye meza akirudi hutaraji kukuta nyanya zilizobaki na thamani ya zile zilizouzwa. Akikuta nyanya zimeondolewa na mahali pake pamepangwa dagaa, hata kama dagaa hao wana faida kubwa kuliko nyanya, atauliza swali moja: Nani alikwambia?

Swali hilo dogo la sokoni ndilo swali kubwa la uwakilishi. Wahenga walisema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Manispaa ya Temeke, na watu 5,383,728 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam. Umati huo hauwezi kukaa Dodoma kutunga sheria na kupitisha bajeti. Kwa hiyo ilibuniwa hila njema ya kumfanya asiyekuwepo awepo: watu wa jimbo humteua mmoja wao, naye huketi katika Bunge kwa jina lao. Lakini hila hiyo njema ina mashaka yake. Mtu akitoa kura, ametoa nini? Amempa mbunge kitu kiwe chake, au amemwachia kitu ambacho mwenyewe yungali mwenyewe?

Majibu matatu huweza kutolewa, na kila moja lina jina katika lugha na katika desturi za pwani. La kwanza ni kwamba kura ni hiba. Kitu kilichotolewa kwa moyo mweupe hakidaiwi, wala mpokeaji haulizwi amekitumiaje. Mbunge anayeiona kura kwa jicho hili huwashukuru watu wake siku ya ushindi, kisha hukaa miaka mitano kama mtu aliyerithi shamba. La pili ni kwamba kura ni amana. Mweka amana hurudishiwa kile kile alichokiweka, na mtunzaji hana ruhusa ya kukigusa. La tatu ni kwamba kura ni uwakili. Wakili hupewa uwezo wa kutenda na kuamua, lakini kwa jina la mwingine, ndani ya mipaka, na kwa sharti kwamba aliyempa uwezo huo aweza kuurudisha kwake.

Ni rahisi kuyapima majibu haya kwa maneno matupu. Ni vigumu zaidi, na ni haki zaidi, kuyapima kwa mambo yaliyotokea. Jimbo la Temeke limepitia misukosuko mingi, na kwa sababu hiyo lafaa kuwa mizani.

Kabla ya uhuru wakazi wengi wa vitongoji vya Dar es Salaam hawakuwa na meza ya kumwangalizisha mtu. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kura ilikuwa na masharti ya kipato, elimu au cheo; na yule aliyeyatimiza alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. TANU ilikubali kushiriki katika uchaguzi huo wa kura tatu baada ya mjadala mkali mjini Tabora, Januari 1958. Mchukuzi wa bandarini na mchuuzi wa mtaani walisemewa na watu ambao aghalabu wao wenyewe hawakuwapigia kura. Aliyesema kwa jina lao huenda alisema mema, walakini hawakumtuma.

Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, kura ilikuwa ya watu wazima wote na utaratibu mwingine ukaanzishwa. Wagombea wawili wa TANU walisimama katika majimbo mengi, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Chama kilikuwa kile kile. Aliyechaguliwa alikuwa mtu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro iliyo wazi, kwa kuwa mwenye meza aliweza kumbadili mwangalizi lakini hakuweza kubadili bidhaa. Hata hivyo uliwafunza watu jambo moja ambalo hawakulisahau. Mwaka huo huo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa katika jimbo lake. Bibi Titi Mohamed, aliyewaita wanawake wa Dar es Salaam katika TANU kwa maelfu, alishindwa Rufiji. Na upande wa kaskazini wa Dar es Salaam wapiga kura, wengi wao Waafrika, walimchagua Derek Bryceson, ambaye alikuwa Mzungu. Sifa za jana hazikuwa hati ya kumiliki kiti, wala rangi ya mtu haikuwa kikwazo cha kupewa. Katika ahadi zake mwanachama wa TANU alikuwa akitamka kwamba cheo ni dhamana. Yamkini si kila aliyetamka maneno hayo aliyatimiza, lakini neno lilikuwa limechaguliwa vema. Dhamana haina maana pasipo mtu wa kuidai.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na sasa mpiga kura aliweza kuchagua mtu pamoja na bidhaa. Somo la kwanza Temeke ililipata kwa uchungu. Siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 1995, vifaa vya kupigia kura vilichelewa au vilikosekana katika vituo vingi vya Dar es Salaam. Uchaguzi wa majimbo yote saba ya mkoa ukafutwa na kurudiwa 19 Novemba. Temeke ikampata Ramadhani Kihiyo wa CCM. Ushindi wake ukapingwa mahakamani, na miongoni mwa yaliyoulizwa ni elimu aliyojitajia. Naye akajiuzulu mwaka 1996. Mambo ya mahakama huishia katika majalada, lakini watu wa kawaida wana jalada lao, nalo ni lugha. Tangu wakati huo Kiswahili cha Tanzania kimepata neno "kihiyo", na wingi wake "vihiyo", kwa mtu anayejidai elimu asiyokuwa nayo. Jina la ukoo likageuka nomino ya kawaida. Mtu mwenye huruma atasema kwamba hiyo ni adhabu ndefu kupita kosa lolote, na atasema kweli. Maana neno likishazaliwa halina rufani, na huwapiga hata wasiohusika wenye jina hilo. Lakini mtu huyo huyo atakiri kwamba neno lenyewe linafichua imani ya watu juu ya kura. Aliyepewa hiba haulizwi vyeti. Anayeulizwa vyeti ni wakili.

Uchaguzi mdogo wa Oktoba 1996 ulimleta Augustino Lyatonga Mrema wa NCCR-Mageuzi, aliyemshinda Abdul Cisco Mtiro wa CCM. Mrema alikuwa amewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu, akaihama CCM mwaka 1995, na katika kugombea urais mwaka huo alipata zaidi ya robo ya kura zote. Hakuwa mwenyeji wa Temeke. Asili yake ni Kilimanjaro. Watu wa Temeke walimpa meza yao mgeni, kwa kuwa walitaka sauti yake isikike kwa niaba yao. Walakini chama chake kikaingia katika ugomvi wa ndani, na mwaka 1999 Mrema akakihama na kujiunga na TLP. Kwa Katiba ya Jamhuri ya Muungano, mbunge anayeacha uanachama wa chama kilichompeleka Bungeni hupoteza kiti chake. Ubunge wa Mrema ukakoma. Mwaka 2000 aligombea tena urais, kwa chama chake kipya. Kiti cha Temeke kilikwenda kwa John Kibaso wa CCM, na baada yake, kuanzia 2005 hadi 2015, kwa Abbas Mtemvu wa chama hicho hicho.

Mwaka 2015 mizani ikainama upande wa pili. Temeke ikamchagua Abdallah Mtolea wa CUF. Mwezi Novemba 2018 mbunge huyo akajiuzulu na kujiunga na CCM. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, naye akateuliwa na chama chake kipya. Kabla ya siku ya kura kufika, wagombea wengine wote walikuwa wametoka katika orodha, na Desemba 2018 akatangazwa kuwa amepita bila kupingwa. Hivyo kiti kilichotolewa kwa chama kimoja kikapita kwenda kwa chama kingine, mikononi mwa mtu yule yule, pasipo kura hata moja kutumbukizwa katika sanduku. Aliyempigia kura mwaka 2015 kwa sababu ya chama chake, na aliyemkataa kwa sababu hiyo hiyo, wote wawili walirudi sokoni wakakuta meza imepangwa dagaa.

Haki yataka upande wa pili usikilizwe. Chama cha CUF kilikuwa kimegawanyika pande mbili tangu mwaka 2016, na mwaka 2017 wabunge wake wanane wa viti maalumu walifukuzwa uanachama na kupoteza ubunge. Mbunge wa chama cha namna hiyo alikuwa kama abiria wa jahazi ambalo manahodha wawili wanagombea usukani. Kuruka majini si lazima kuwa uhaini. Tena binadamu ana haki ya kubadili rai. Asiyebadili rai katika maisha yake yote, ama alizaliwa na ukweli wote, ama hakufikiri kabisa. Edmund Burke, alipozungumza na wapiga kura wa Bristol huko Uingereza mwaka 1774, alishikilia kwamba mbunge anawiwa na watu wake si juhudi tu bali na hukumu ya akili yake, na kwamba anawasaliti akiitoa akili hiyo kafara kwa maoni yao. Hoja ya Burke ina nguvu. Inaonyesha kwa nini kura haiwezi kuwa amana kwa maana iliyo kali. Mbunge aliyekatazwa kugusa alichopewa angekuwa barua, na barua haihitaji mshahara wala kiti.

Lakini yafaa kukumbuka mwisho wa habari ya Burke. Miaka sita baadaye, mwaka 1780, alirudi mbele ya watu wa Bristol, akawaeleza alichofanya na sababu zake. Alipoona kwamba hawamtaki, akajitoa. Aliitetea akili yake mbele yao, na neno la mwisho akawaachia wao. Hapa ndipo hiba na uwakili vinapoachana. Wakili aweza kubadili njia, lakini hawezi kumbadili mwenye safari. Akiona kwamba safari yenyewe haifai tena, mlango wa heshima u wazi: arudishe alichopewa kwa yule aliyempa, amweleze, kisha angoje kuona kama atapewa tena. Katika jambo la 2018 kosa halikuwa kuhama, kwa maana Mrema naye alihama. Wala halikuwa kutaka kurudi. Lililokosekana ni neno la mwenye meza.

Mtu aweza kusema kwamba neno hilo likiulizwa mambo yote yatanyooka. Jirani wa Temeke, jimbo la Kinondoni, anatoa onyo. Maulid Mtulia alichaguliwa huko mwaka 2015 kwa CUF, akajiuzulu Desemba 2017, akajiunga na CCM, akagombea tena. Huko kura ilipigwa, tarehe 17 Februari 2018, naye akashinda. Kwa sura ya sheria mwenye meza aliulizwa. Lakini waliopiga kura hawakufikia robo ya walioandikishwa. Na jioni ya kuamkia siku hiyo, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa upinzani waliodai hati za mawakala wao wa vituoni, risasi ilimpata msichana mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliyekuwa abiria katika daladala, akafa. Hakuwa katika maandamano. Alikuwa safarini. Mtu akitaka kujua gharama ya kiti kinachohama na mwenye kukikalia, na aanze kuhesabu hapo, kabla ya kufika katika fedha za karatasi na masanduku. Kuuliza ambako watu wanaogopa kujibu, au wamekata tamaa ya kujibu, kuna umbo la kuuliza tu.

Yako mambo mengine mawili ambayo huweka ukungu kati ya mwenye meza na mwangalizi wake. La kwanza ni chama. Katiba haimruhusu mtu kugombea ubunge ila kwa kupendekezwa na chama cha siasa. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi. Mahakama Kuu ilikubaliana naye zaidi ya mara moja, Mahakama ya Rufani ikaamua mwaka 2010 kwamba jambo hilo ni la Bunge, na mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikatamka kwamba katazo hilo linavunja haki za raia. Kwa sharti hilo kura hupita katika mikono ya mtu wa tatu. Chama huchagua nani asimame. Chama kikimfukuza mbunge, kiti huondoka naye, ijapokuwa watu wa jimbo wangali wanamtaka. Sheria inayomnyang'anya kiti mhamaji ni ya haki katika shina lake, kwa kuwa inalinda bidhaa ambayo watu waliichagua. Tatizo ni kwamba inakilinda chama zaidi ya kumlinda mpiga kura. Mwangalizi aliyewekwa chini ya mabwana wawili, mmoja akiwa karibu na mwenye uwezo wa kumfukuza leo, mwingine akiwa mbali na mwenye uwezo wa kumwondoa baada ya miaka mitano, hujua upesi nani wa kumwogopa.

La pili ni mipaka. Jimbo si kisiwa kilichoumbwa na Mungu. Mwaka 2015 Mbagala ilipata jimbo lake. Mwaka 2025 Tume ya uchaguzi ikatangaza jimbo la Chamazi. Mkazi wa vitongoji hivyo aweza kukaa nyumba ile ile, chini ya mwembe ule ule, akajikuta amewakilishwa na jimbo la pili au la tatu. Watu wakiongezeka yafaa sauti ziongezeke, na jambo hilo si la kulaumiwa. Lakini deni la mbunge linatakiwa kufuata watu wala lisiishie katika mstari wa ramani. Aliyeahidiwa daraja hahamishiwi ahadi kwa mtu asiyeitoa. Ahadi ni deni, na deni lina jina la mdeni.

Baada ya lawama hizi zote kwa wabunge, vyama na sheria, mwenye meza naye hawezi kuachwa bila ya neno. Iko hiba nyingine ambayo hutolewa kabla ya kura, nayo hutoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura: kanga, sukari, fedha kidogo za nauli. Anayeipokea na kuihesabu kuwa ni bei ameiuza meza yake, na baada ya hapo hana nafasi ya kuuliza nani aliyemwambia jirani apange dagaa. Jibu litakuwa: Wewe. Aliyechukua thamani hawezi kudai amana. Kadhalika asiyekwenda kituoni kwa uvivu hutoa hiba ya kimya kwa yeyote atakayeshinda. Asiyekwenda kwa hofu au kwa kukata tamaa ni mtu mwingine, na kumlaumu ni kumwongezea mzigo. Yeye hakuiacha meza, amezuiwa njiani.

Sheria ya uchaguzi iliyotungwa mwaka 2024 iliweka kwamba mgombea aliyebaki peke yake apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua ndogo, nayo ni ya haki, kwa kuwa inakubali kwamba ukosefu wa mpinzani si sawa na ridhaa. Ingekuwapo mwaka 2018 watu wa Temeke wangeulizwa, walau kwa neno moja. Lakini neno "hapana" lina thamani pale tu penye jibu jingine la kuchagua na penye usalama wa kulitamka. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, ambao CHADEMA haikuwamo katika karatasi zake za kura, na ambao ulifuatwa na ghasia na vifo, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa miji iliyopatwa, umelitoa swali hili darasani na kuliweka barabarani. Watu hawafi kwa ajili ya hiba waliyokwisha kuitoa. Hugombania kile wanachoamini kuwa kingali chao.

Basi kura ni uwakili uliobeba amana ndani yake. Kwa kuwa ni uwakili, mbunge ana ruhusa ya kufikiri, kupatana, kukosea na hata kubadili rai. Kwa kuwa una amana ndani yake, kiko kitu kimoja asichoweza kukitoa kwa mtu wala kwa chama, nacho ni haki ya watu wa jimbo kuulizwa. Mbunge akiitunza haki hiyo, hata akishindwa kuleta lami na maji, amewaacha watu wake na uwezo wa kumtafuta mwingine. Akiipoteza, hata akileta lami na maji, amewaacha kama wageni katika mali yao wenyewe.

Jioni, soko la Tandika likikaribia kufungwa, mchuuzi hurudi kwenye meza yake. Jirani humwambia, "Nimeuza mafungu manne, moja nimelipunguza, yule mama alikuwa na mgonjwa." Humkabidhi fedha. Mwenye meza huzihesabu mbele yake, na jirani haoni haya wala hachukii kuhesabiwa. Kesho atamwangalizia tena.